Ukumbi wa Michezo wa Kata: Namna Unavyosanifiwa ili Udumu, kwa Mfano wa Kibosho

Na Mwandishi Wetu, Moshi

Mashindano ya michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na yale ya shule za sekondari, UMISSETA, kwa kawaida hufikia kilele chake kitaifa katikati ya mwaka. Mwanafunzi anayetaka kufika huko huanza kuchujwa shuleni kwake, kisha katika kata, wilaya na mkoa. Kwa shule zilizoko Kibosho, katika Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, kalenda hiyo ina maana kwamba sehemu kubwa ya mazoezi na mchujo wa awali huangukia katika masika, kati ya Machi na Mei, wakati viwanja vya udongo vya mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro vimelowa na kuteleza. Timu za mpira wa pete, wavu na kikapu, ambazo zinahitaji sakafu ngumu na kavu, ndizo huathirika zaidi.

Makala haya yanaeleza namna ukumbi wa michezo wa ngazi ya kata unavyosanifiwa ili udumu, utumie rasilimali kwa kiasi na uhimili hali ya hewa ya eneo kama Kibosho. Hayatangazi mradi wala hayaelezi ramani iliyokwisha kupitishwa. Yanakusudiwa kumsaidia mwananchi ambaye siku moja atawekewa michoro mezani katika mkutano wa hadhara na kuulizwa kama anaikubali.

Maandalizi ya mashindano ya AFCON 2027, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kwa pamoja Septemba 2023, yameelekeza macho ya wengi kwenye viwanja vikubwa, ukiwamo ule wa Arusha wenye viti 30,000. Viwanja hivyo vina nafasi yake. Hata hivyo, mtoto wa Kibosho Magharibi, Kirima au Okaoni hajifunzi kudaka mpira katika uwanja wa taifa. Hujifunza mahali anapoweza kufika kwa miguu baada ya masomo na kurudi nyumbani kabla ya giza. Ukumbi wa kata hupimwa kwanza kwa kigezo hicho.

Ardhi na mteremko

Kibosho iko juu ya mji wa Moshi, kati ya Machame upande wa magharibi na Uru upande wa mashariki. Eneo hili hupanda kutoka kingo za mji hadi kwenye msitu wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1973 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987. Mito hushuka kuelekea kusini katika makorongo marefu, na watu huishi juu ya migongo iliyobaki kati ya korongo na korongo. Misheni ya Kikatoliki ilifunguliwa hapa mwaka 1893, na tangu hapo shule, zahanati na makanisa vimeendelea kushindana na migomba na kahawa kwa kila kipande kilicho tambarare.

Ardhi ndiyo changamoto ya kwanza, na ni kubwa kuliko fedha. Ukumbi unaozungumziwa hapa, pamoja na vyoo, ghala la vifaa, matangi na njia za kupita, huhitaji takriban nusu ekari. Kwa familia nyingi za Kibosho nusu ekari ni kihamba kizima, chenye nyumba, migomba, kahawa na makaburi ya wazee. Kihamba hurithishwa, na mipaka yake hulindwa kwa mmea wa isale, ambao hata katika ugomvi Mchaga hauchezei. Mpango wowote unaoanza kwa kutazama vihamba vya watu huwa umeanza vibaya.

Kinachobaki ni maeneo ya taasisi: shule, ofisi za kata, masoko na viwanja vinavyomilikiwa na taasisi za dini. Hapa kuna tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba ukumbi usijengwe juu ya uwanja wa mpira wa miguu uliopo, kwa kuwa utakuwa umewanyang'anya watoto wengi mahali pa kuchezea ili kuwapatia wachache. Ya pili inahusu umiliki. Iwapo ardhi ni ya taasisi na ukumbi unajengwa kwa fedha za umma pamoja na michango ya wananchi, makubaliano ya matumizi yaandikwe na kusainiwa kabla ya msingi kuchimbwa. Yakiachwa hadi siku ya ufunguzi, hugeuka mgogoro.

Makorongo nayo yana sheria yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji pale zinapoweza kuathiri hifadhi yake. Kwa kuwa migongo ya Kibosho mara nyingi ni myembamba, mita 60 kutoka korongo la kushoto na mita 60 kutoka korongo la kulia zinaweza kuacha ukanda mdogo sana katikati. Mpima ardhi ndiye wa kuitwa kwanza, na mbunifu majengo afuate.

Baada ya hapo huja swali la kuuelekeza ukumbi. Upande mrefu wa jengo ukilala kukatisha mteremko, uchimbaji hupungua. Tuchukue mteremko wa asilimia 10, ambao kwa Kibosho ni wa kawaida. Jengo lenye urefu wa mita 40 na upana wa mita 25 likilazwa kukatisha mteremko, tofauti ya kimo kati ya ukingo wa juu na wa chini ni mita 2.5. Likigeuzwa ili urefu ushuke na mteremko, tofauti inakuwa mita 4, na kila sentimita hulipiwa kwa udongo wa kuchimba, ukuta wa kuzuia na hatari ya maporomoko.

Bahati nzuri ni kwamba Kibosho inatazama kusini. Jengo linalokatisha mteremko huwa limelala mashariki hadi magharibi, na huo ndio mwelekeo unaofaa zaidi kwa jua la eneo lililo nyuzi tatu hivi kusini mwa ikweta. Kuta fupi za mashariki na magharibi hujengwa zikiwa zimeziba, na jua la asubuhi na la jioni halimpigi mchezaji machoni. Mwanga huingia kupitia pande ndefu za kaskazini na kusini, ambako ukingo wa paa hutosha kuzuia jua la juu. Si kila mahali pa Tanzania ambapo ardhi na jua hukubaliana namna hii. Mbunifu anayeleta Kibosho mchoro uliotengenezwa kwa ajili ya uwanda wa Dodoma bila kuugeuza anapoteza zawadi hiyo.

Mchezo unaoamua ukubwa

Michoro mingi ya kumbi ndogo huanza na mpira wa kikapu. Uwanja wake rasmi ni mita 28 kwa 15, na ukiongeza mita 2 za usalama kila upande unapata mita 32 kwa 19. Mpira wa wavu, mita 18 kwa 9 pamoja na mita 3 za pembeni, huingia humo bila shida. Vinyoya na mpira wa meza huingia pia. Kwa karatasi, kazi imekwisha.

Mpira wa pete ndio usioingia. Uwanja wake ni mita 30.5 kwa 15.25, na nafasi ya usalama inayotakiwa ni mita 3.05 kila upande, jumla mita 36.6 kwa 21.35. Tofauti kati ya ukumbi wa kikapu na ukumbi wa pete ni mita chache tu kwa urefu na kwa upana, lakini tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mchezo unaochezwa na wasichana wengi zaidi katika shule zetu utaingia ndani au utabaki nje kwenye matope. Ukumbi uliopunguzwa mita hizo ili kuokoa fedha huwa umewachagulia watumiaji kabla ya kufunguliwa, na hakuna ukarabati unaoweza kusogeza nguzo baadaye. Kwa sababu hiyo, ukumbi wa mfano katika makala haya ni wa mita 37 kwa 22 ndani, na maombi ya kuupunguza yanapaswa kupingwa kwa hoja hii hii.

Kimo cha ndani kisicho na kizuizi kisipungue mita 7, ambacho ndicho kiwango cha chini cha kikapu na wavu, na inafaa kizidi hapo. Kimo hupimwa hadi sehemu ya chini kabisa ya kenchi au taa, si hadi kwenye bati. Mpira wa mikono, wenye uwanja wa mita 40 kwa 20, hautaingia kwa vipimo rasmi, na ni vyema wananchi waelezwe hivyo mapema. Karate, ngumi na mazoezi ya viungo hayana tatizo la nafasi; yanahitaji tu ghala la kuhifadhia mikeka mahali pasipo na unyevu.

Paa na maji yake

Katika nyumba ya asili ya Mchaga, msonge ulioezekwa kwa nyasi hadi karibu na ardhi, paa na ukuta vilikuwa kitu kimoja. Waliojenga hivyo waliijua mvua ya mlimani. Katika ukumbi wa michezo wa Kibosho pia, paa ndilo jengo lenyewe. Mambo mengine yote, kuanzia kuta hadi bajeti ya maji, hutokana na uamuzi unaofanywa hapo.

Mvua huongezeka kadiri unavyopanda. Mji wa Moshi hupata chini kidogo ya milimita 1,000 kwa mwaka, ilhali vijiji vya juu karibu na msitu hupata kiasi kinachokaribia mara mbili. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ukumbi wetu, ukiongezewa ukingo wa paa wa mita moja na nusu kila upande ili mvua ya upepo isifike sakafuni, una paa la takriban mita za mraba 1,000. Kwa kukadiria mvua ya milimita 1,200 na kutoa asilimia 20 inayopotea kwa mvuke na kumwagika, paa hilo hukusanya lita 960,000 kwa mwaka.

Hayo ni maji mengi, na ni baraka au balaa kutegemea yanakoelekezwa. Mvua kubwa ya milimita 50 kwa saa moja huangusha lita 50,000 juu ya paa hilo, yaani takriban lita 14 kila sekunde. Yakiachwa yashuke kwenye ardhi ya mteremko, maji hayo huchimba njia yake kupitia kihamba cha jirani wa chini. Wakazi wa Moshi hawajasahau mafuriko ya Aprili 2024. Mchoro wa ukumbi usioonyesha maji ya paa yanaishia wapi haujakamilika, hata kama umepakwa rangi nzuri na kuwekewa watu wanaotabasamu.

Suluhisho lina hatua tatu. Kwanza, gata pana zenye mwinuko wa kutosha na wavu wa kuzuia majani. Migrivea iliyopandwa kote Kibosho kwa ajili ya kivuli cha kahawa hupukutisha majani mwaka mzima, na gata iliyoziba hufurika kuelekea ukutani. Pili, maji ya milimita ya kwanza ya mvua, ambayo kwa paa hili ni lita 1,000, yatolewe nje kwa kuwa hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Yanayofuata ndiyo yaingie tangini. Tatu, tangi lipangwe kwa kuangalia miezi ya kiangazi. Kama vyoo na usafi hutumia lita 1,000 kwa siku, siku 120 zisizo na mvua ya kutosha zinahitaji akiba ya lita 120,000. Tangi likikaa upande wa juu wa mteremko na vyoo upande wa chini, maji hushuka yenyewe bila pampu.

Maji yanayozidi uwezo wa tangi yana njia yake ya kiasili Kibosho, nayo ni mfongo. Mifereji hii ya asili iliyochimbwa na mababu kuleta maji ya mito mashambani bado inatumika katika maeneo mengi, na ina kamati na zamu zake. Mbunifu hana haki ya kuelekeza maji ya paa kwenye mfongo bila kuzungumza na wenye mfongo. Mara nyingi watakubali kwa masharti, na masharti yao huwa na maana: ujenzi wa kingo kwa mawe, kizuizi cha kupunguza kasi, na nani atazibua.

Wazo la jengo la umma linalovuna mvua kwa umbo lake si geni nchini. Soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, lililobuniwa na Beda Amuli na kujengwa katika miaka ya 1970, liliezekwa kwa miamvuli mikubwa ya zege ambayo kila mmoja hukusanya maji ya mvua na kuyashusha kupitia nguzo yake hadi kwenye hifadhi iliyo chini. Soko hilo liliungua Julai 2021, lakini wazo la Amuli halikuungua: paa, nguzo na bomba vilikuwa kitu kimoja. Nchini Kenya, katika kaunti ya Nyeri, Shule ya Sekondari ya Mahiga Hope ilijengewa uwanja wa kikapu ulioezekwa ambao maji ya paa lake huhifadhiwa, husafishwa kwa umeme wa jua na kunywewa na wanafunzi. Mahiga ni jirani wa karibu zaidi wa Kibosho kwa fikra, kwa kuwa nayo ni jamii ya mlimani na ya wakulima. Funzo lake kubwa ni kwamba uwanja haukuzibwa pande zote: ni sakafu yenye paa.

Kuta kidogo, hewa nyingi

Hapo ndipo penye uamuzi ambao wananchi wengi huupokea kwa mashaka. Ukumbi wa heshima, kwa mazoea yetu, ni ule wenye kuta nne, madirisha ya vioo na mlango mkubwa. Lakini jengo la ukubwa huu likizibwa lote hudai feni, taa za mchana na matengenezo ya vioo vinavyopasuliwa na mipira. Kibosho haina joto la pwani wala baridi ya kutisha. Kinachotakiwa ni kuzuia mvua, upepo wa Juni hadi Agosti na jua la machoni.

Ukuta wa mawe au tofali wenye kimo cha mita mbili na nusu hivi hutosha pande zote. Juu yake, pande za kaskazini na kusini, huwekwa mbao za mlalo zilizoinamishwa nje kama majani ya pazia, zinazopitisha hewa na mwanga lakini si matone. Upande wa kusini na wa mashariki, ambako upepo wenye mvua ya masika hutokea, mbao hizo zikaribiane zaidi. Bati angavu zinaweza kutumika kwa kiasi, ingawa zile za bei nafuu hufifia baada ya miaka michache na kuhitaji kubadilishwa.

Bati lenyewe lina tabia mbili zinazosahaulika. Kwanza, hupiga kelele: katika mvua ya Aprili mwamuzi hasikiki, na ukumbi ukitumiwa kwa mitihani au mkutano wa kijiji, shughuli husimama. Pili, hutoa jasho. Asubuhi zenye ukungu, unyevu huganda chini ya bati na kudondoka sakafuni, na sakafu iliyojengwa ili iwe kavu huwa na madoa ya maji yanayoteleza. Tabaka la mbao nyembamba au la kihami chini ya bati huondoa matatizo yote mawili. Katika upunguzaji wa bajeti, tabaka hilo ndilo hufutwa kwanza kwa kuwa halionekani kutoka nje. Lisifutwe. Bati nalo liwe la geji 28 au nene zaidi, kwa sababu mafundi watapanda juu yake kila mwaka kusafisha gata.

Vifaa vya ujenzi

Upana wa mita 22 bila nguzo katikati ndio unaoamua gharama ya paa. Njia ziko mbili: kenchi za chuma, au kenchi za mbao zilizofungwa kwa bolti na vibao vya chuma. Mbao za misindano na misaipresi hupatikana katika mashamba ya miti ya Serikali yanayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, likiwamo Shamba la Miti Kilimanjaro Magharibi, na mbao iliyowekwa dawa na kukaushwa vizuri ina alama ndogo ya hewa ukaa kuliko chuma. Tatizo ni ubora: kwa upana huu kila ubao huhitaji kuchambuliwa, na ubao mbichi hupinda ukiwa tayari juu. Pale ambapo msimamizi hana uhakika wa mbao, chuma kwa kenchi kuu na mbao kwa papi, dari na kuta za pembeni ni mchanganyiko wa busara. Miti ya vihambani, kama mringaringa, isihesabiwe kuwa akiba ya mradi. Kuivuna kunahitaji kibali, na kivuli chake kina kazi.

Nchini Thailand, shule ya Panyaden mjini Chiang Mai ilijengewa mwaka 2017 ukumbi wa michezo wa mianzi mitupu wenye matao ya zaidi ya mita 17. Picha zake zimesambaa sana na hufika hadi kwenye simu za wajumbe wa kamati zetu za ujenzi. Ni jengo la kupendeza, lakini nyuma yake kuna mafundi wa mianzi, dawa ya kuihifadhi na wahandisi walioipima. Hapa Kilimanjaro mnyororo huo haujajengeka. Mianzi ya kando ya mito yetu ianze kwa uzio na viti, na si kwa paa la watoto mia tatu.

Kwa kuta, mawe ya volkano yapo tele na mafundi wake wapo. Kazi yao inaonekana katika majengo ya zamani ya misheni. Tofali za kuchoma zinakula kuni na hazifai eneo linalopakana na msitu wa hifadhi. Tofali za kufungamana za udongo na saruji, ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukizihimiza, hupunguza saruji na lipu. Hata hivyo, udongo wa Kibosho upimwe kwanza maabara, kwa kuwa udongo wenye mfinyanzi mwingi huhitaji saruji zaidi na unaweza kuondoa faida yote.

Sakafu isitafutiwe makuu. Jamvi la zege lililosuguliwa vizuri, lenye karatasi ya plastiki ya kuzuia unyevu chini yake na rangi ngumu juu yake, hudumu. Sakafu ya mbao ni bora kwa magoti, lakini katika hewa yenye unyevu na jengo lenye pande wazi huvimba na kubenuka.

Wote waingie

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Katika mteremko hili si jambo la kuongeza mwishoni. Njia ya mtelemko kwa kiti cha magurudumu hupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za mlalo, hivyo kupanda mita moja kunadai njia ya mita 12, bila kuhesabu mahali pa kupumzikia. Tofauti ya mita 2.5 tuliyoiona awali ingehitaji njia ya mita 30. Mbunifu mwangalifu huweka mlango mkuu upande wa juu, usawa wa barabara, na njia ndefu haihitajiki kabisa. Milango ifunguke kwa nje na iwe zaidi ya mmoja, kwa maelekezo ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Vyoo vya wanawake na wanaume vitenganishwe kwa njia zinazoonekana na zenye taa, na viwe na chumba cha kubadilishia chenye maji na mlango unaofungika kwa ndani. Msichana anayelazimika kuvaa sare ya michezo nyuma ya mgomba ataacha mchezo, na vipimo vyote vya mpira wa pete vilivyotajwa hapo juu havitakuwa na maana.

Nani anasaini, nani anashika ufunguo

Michoro ya jengo la umma iandaliwe na mbunifu majengo, na gharama zake na mkadiriaji majenzi, waliosajiliwa na bodi yao chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 2010. Mhandisi asaini mahesabu ya kenchi na msingi, na halmashauri itoe kibali cha ujenzi. Ununuzi hufuata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023. Mwananchi anayo haki ya kuuliza majina yaliyo kwenye mhuri wa kila mchoro.

Baada ya ufunguzi, ukumbi huhitaji mwenye ufunguo anayejulikana, ratiba iliyobandikwa mlangoni na kitabu cha mapato na matumizi. Ukumbi utaombwa kwa harusi, komunyo na vikao, hasa Desemba, wakati Wakibosho walioko Dar es Salaam na kwingineko wanaporudi nyumbani. Kukodisha si vibaya. Ada hizo ndizo zitakazolipa rangi ya sakafu na taa. Lakini mapishi yafanyike nje, viti vya chuma viwe na vifuniko vya mpira miguuni, na saa za wanafunzi zisiuzwe kwa mtu yeyote. Gata na matangi visafishwe kila Februari, kabla ya masika, na fedha ya kazi hiyo itengwe kwanza.

Desemba ndio pia mwezi ambao michango hukusanywa na kamati hutembezwa kwenye eneo la ujenzi. Ardhi wakati huo aghalabu huwa imetulia na njia zinapitika. Kamati iliyokubali eneo katika likizo ya Krismasi irudi hapo mwezi Aprili, siku ya mvua, pamoja na mbunifu, wenye mfongo na jirani wa chini, kabla mtu yeyote hajasaini mchoro.